Nabothi Alikataa, Zakayo Akarudisha

Kila Kwaresima, na kila mkutano wa injili unaofanyika Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Kaisho, kwetu Karagwe na Kyerwa, mahubiri huishia mahali pamoja: mwamini aache ya dunia, asiufunge moyo wake kwenye mali. Watu huitikia amina kwa sauti moja, Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana na Mpentekoste, kwa kuwa hili ni fundisho ambalo hakuna dhehebu linalolipinga. Na pengine ndiyo sababu halitusumbui. Fundisho likishazoeleka halimgusi mtu mfukoni. Leo nataka kulirudisha mahali linapouma. Ninachosema ni hiki: kuachilia mali ni tendo la imani pale tu panapokuwa na mtu upande wa pili anayeipokea, na wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye mali hiyo ilikuwa haki yake tangu mwanzo. Asiyemtazama anayepokea anaweza kuacha kila kitu na asiwe ameitii Injili hata kidogo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo hilo hilo, kwamba mtu aweza kugawa mali yake yote na asipate faida yoyote kama hana upendo.

Kwamba mali hupita, watu wa Karagwe hawahitaji kufundishwa. Waingereza Speke na Grant walipofika huku Novemba 1861 walimkuta Mukama Rumanyika Orugundu akitawala nchi iliyopima utajiri kwa ng'ombe. Hata miongoni mwa vifaa vya enzi vya ikulu ya Bweranyange, vilivyofuliwa kwa chuma na mafundi wa Karagwe wenyewe, palikuwa na sanamu za ng'ombe wenye pembe ndefu. Miaka 30 hivi baadaye sotoka ikapita Afrika Mashariki ikafagia mifugo, na nchi hii ikapigwa vibaya. Ng'ombe waliokuwa heshima ya mtu, mahari ya mwanawe na kinga yake dhidi ya njaa, wakaisha. Lakini huko kulikuwa kupoteza, na aliyepoteza hajaachilia chochote. Mhubiri anayesimama kwenye msiba wa nyumba iliyoungua au duka lililofilisika na kusema Mungu amewafundisha hawa kuachilia, anachanganya mambo mawili. Kuachilia kunahitaji mtu ambaye bado anacho, ambaye angeweza kukishika, naye akachagua kukitoa. Baada ya sotoka heshima ya mtu ilihamia polepole kwenye kibanja na kwenye kahawa, na mpaka leo, ukitaka kujua moyo wa Mkristo wa Karagwe au Kyerwa umefungwa wapi, huna haja ya kumuuliza kuhusu starehe za mjini. Muulize kuhusu kibanja.

Tunao ushahidi wa karibu wa watu waliolichukua fundisho hili kwa uzito. Gahini iko mashariki ya Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi, ng'ambo ya Mto Kagera kutoka kwetu. Huko ndiko uamsho uliokuja kuitwa wa walokole ulikopata nguvu katika miaka ya 1930. Mwanzo wake huelezwa kwa mkutano wa watu wawili kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1929: daktari Mwingereza Joe Church, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi nzuri serikalini na aliyeiacha ili ahubiri. Baada ya mkutano mkubwa wa Kabale mwaka 1935 moto ukaenea Kigezi, na kabla ya muongo huo kwisha na mwanzoni mwa uliofuata ukawa umevuka hadi mkoani kwetu Kagera. Tunaowakumbuka walokole kwa nyimbo na toba za machozi husahau sehemu iliyowashangaza zaidi majirani zao wasioamini: urejeshaji. Mtu aliyesema ameokoka alitarajiwa kutaja mbele ya ndugu alichoiba au alichodhulumu, kisha aondoke akakipeleke kwa mwenyewe. Jembe lilirudi kwa mwenye jembe, ng'ombe akarudi kwenye boma alilotolewa kwa hila, na waliokwepa kodi wakaenda kuilipa. Toba ilikuwa na safari ndani yake, na mwisho wa safari palikuwa na mlango wa mtu fulani.

Hiyo ndiyo njia ya Zakayo. Katika Injili ya Luka, sura ya 19, mtoza ushuru yule hatangazi kwamba ameichukia fedha. Anaigawa: nusu kwa maskini, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Ni baada ya hapo Yesu anatamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Hata yule tajiri wa Marko sura ya 10 aliambiwa mambo mawili mfululizo, auze alivyo navyo na awape maskini, halafu ndipo afuate. Wahubiri wengi huishia kwenye kuuza. Neno kuhusu maskini hupita haraka kama nyongeza, wakati ndilo linaloonyesha mali iende wapi.

Uamsho nao ulikuwa na udhaifu wake, na si haki kuupamba. Katika miaka ya 1960 na 1970 kundi lililojiita la walioamka tena lilitokea Uganda, likaanza kuwapima ndugu kwa orodha: asiwe na deni, asifuge mbwa, asivae hivi, asifanye harusi ya fahari. Baadhi ya makatazo hayo yalikuwa na busara ndani yake. Hata hivyo macho yaligeuka. Yaliyokuwa yakimtazama aliyedhulumiwa yakaanza kuitazama nguo ya jirani, na ndugu waliokuwa wakirudishiana mali wakaanza kutengana kwa ajili ya mbwa.

Hilo ni jambo dogo ukililinganisha na yale yaliyotokea Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Vuguvugu lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, likiongozwa na Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na wenzao, liliwataka wafuasi wauze walivyo navyo na fedha waikabidhi kwa viongozi. Siku za mwisho waliuza mifugo na vyombo kwa bei ya kutupa. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, pamoja na watoto, waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye miili mingine mingi ikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Mwaka 2023 Kenya ikapata Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa waache shule, hospitali, mali na mwisho chakula, ili wamwone Kristo mapema. Wapo wanaosema, na ni pingamizi la haki, kwamba ukianza kuhubiri kuacha ya dunia ndiyo njia unayoifungua. Sikubaliani nao, ila pingamizi lao lazima lijibiwe kwa kipimo kinachoonekana, na kipimo ninacho: tazama nani anapokea. Kanungu walipokea viongozi. Hakuna mjane wa jirani aliyepata kitanda kwa sababu fulani aliuza kitanda chake. Hapakuwa na hesabu iliyosomwa mbele ya watu, na aliyehoji alionekana amepungukiwa imani. Linganisha na Matendo ya Mitume sura ya 5, ambapo Petro anamwambia Anania waziwazi kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla hajakiuza, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo. Kanisa la mitume halikumlazimisha mtu kutoa, na kilichotolewa kiligawiwa kwa kadiri ya mahitaji ya kila mmoja.

Wengine hupinga kwa upande mwingine. Husema: nina watoto, nina ada, nina wazazi wazee, na huyo huyo Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Hilo ni kweli, na halihitaji maneno mengi. Kupanda kahawa mpya, kupanda miti, kuezeka nyumba kwa bati na kumpeleka mtoto sekondari si minyororo ya dunia. Mnyauko bakteria wa migomba uliporipotiwa Kagera mwaka 2006, maofisa ugani waliwataka wakulima wang'oe mashina yenye ugonjwa, na wengi walisita kwa kuwa mgomba ulikuwa bado na majani ya kijani. Aliyeng'oa hakuuchukia mgomba. Aliutaka uendelee kuwepo, kwake na kwa jirani, na aliyeng'ang'ania shina moja aliupeleka ugonjwa kwenye vibanja vya mtaa mzima. Mali inayoshikwa isivyo haki huwadhuru hivyo hata wasiokuwa na sehemu ndani yake.

Sasa nifike kwenye kibanja chenyewe. Hapa ndipo hoja yangu inapokutana na pingamizi zito kuliko yote, nalo limo ndani ya Biblia. Kibanja cha Mnyambo wa Karagwe kina migomba iliyopandwa na babu, kahawa chini yake, maharage katikati ya mistari, na kando ya nyumba makaburi. Mwambie mtu aachilie hicho, atakujibu kwa jina moja: Nabothi. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu analitaka shamba la mizabibu lililo karibu na ikulu yake, na masharti yake si mabaya. Atampa Nabothi shamba bora zaidi au fedha yenye thamani yake. Nabothi anakataa, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Anauawa kwa ushahidi wa uongo uliopangwa na Yezebeli, na Mungu anasimama upande wa aliyekataa. Kwa hiyo Maandiko yanajua kushika kulikobarikiwa. Nakubali bila kusita. Anayetaka kuwatoa wakulima kwenye ardhi yao kwa kuwahubiria kwamba dunia inapita, huyo ni Ahabu aliyeshika Biblia, na wanakijiji wana haki ya kumkatalia.

Lakini tuangalie Nabothi alishika dhidi ya nani na kwa ajili ya nani. Alishika dhidi ya mwenye nguvu, kwa ajili ya wale watakaomfuata. Hakujiona mwenye shamba peke yake. Alijiona ameachiwa alitunze. Chukua sasa kikao cha ukoo baada ya arobaini, pale ndugu wa marehemu wanapomwambia mjane kwamba migomba aliyoipalilia miaka yote ni mali ya ukoo, au wanapomwambia binti kwamba atapata kwa mumewe. Jina la Nabothi hutajwa pale pia, nadhani bila kujua, kwa maneno kama urithi na damu ya baba zetu. Hapo mambo yamepinduliwa. Aliye na nguvu kwenye kikao hicho ni shemeji mwenye sauti, na anayesimama peke yake na shamba lake ni mama aliyevaa nguo za msiba.

Sheria ya nchi imepita njia ndefu kwenye suala hili. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 ziliwapanga warithi kwa madaraja, mtoto wa kiume wa kwanza juu, wanaume wengine wakifuata na mabinti daraja la tatu, na mjane akaambiwa watoto wake ndio watakaomtunza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi iliyotoka hapa hapa Kagera, ya mwanamke aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake na kuliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Jaji alisema haki yake ya kuuza ni sawa na ya mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi wa jinsia. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Sheria zipo, basi. Kinachobaki ni mkono unaoshika, na huo hakimu haufikii kila siku, kwa sababu mjane wa Kyerwa anayeogopa kutengwa na ukoo hafiki mahakamani. Mkono huo unafikiwa na imani, au haufikiwi.

Wanaume wa ukoo wana hofu yao, na mimi siidharau. Ardhi imebana, familia zimekua, na wanauliza: binti akipewa fungu kisha akaolewa Nyaishozi au Mabira, ardhi ya kwetu si itakuwa ya ukoo mwingine? Swali hilo ni la zamani. Katika Hesabu sura ya 27 mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa kudai fungu la baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, na Mungu anasema wanadai kwa haki. Katika sura ya 36 wazee wa kabila lao wanarudi na malalamiko yale yale tunayoyasikia kwenye vikao vyetu. Musa anawasikiliza, anakubali hofu yao ina msingi, na anaweka sharti kuhusu ndoa za mabinti hao. Sharti hilo ni la wakati ule na silitetei liletwe hapa. Ninachoona ni kwamba hofu ya ukoo ilitafutiwa jibu bila ya fungu la mabinti kuguswa. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa uamsho na Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alichapisha mwaka 1974 utafiti wake kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu katika jamii ya Kihaya. Alijua kwamba mtu wa Kagera haingii kanisani akiuacha ukoo nje ya mlango. Basi ukoo na uingie, wala usiachwe ukae juu ya madhabahu. Wanaoitana ndugu kwenye jumuiya, na wanaozikana kwa michango, tayari wana udugu mpana kuliko ule wa damu, na binti aliyeolewa Mabira hajatoka ndani ya udugu huo.

Kuna wanaouliza kuhusu mali ya kanisa lenyewe. Dayosisi ya Karagwe ya KKKT iliyoanza mwaka 1979, na Jimbo Katoliki la Kayanga la mwaka 2008, vina ardhi, shule na hospitali. Jibu langu halibadiliki. Ukifika Nyakahanga au Isingiro usiku na mama mwenye uchungu, unamwona anayepokea. Mali ya kanisa isomwe hesabu mbele ya waliotoa, na ionekane kwa wahitaji. Mali isiyoonekana hivyo, haidhuru imeandikwa jina la nani, inastahili kuulizwa.

Pingamizi la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Wasemao hivi ni watu wenye huruma: maskini unamwambia aachilie nini? Kwanza, maskini wanajua kutoa kuliko wanavyosifiwa. Angalieni mnada wa sadaka Jumapili baada ya ibada. Mzee wa kanisa anainua mkungu wa ndizi uliobebwa kichwani na bibi kutoka bondeni, unanunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya gulioni, mnunuzi anaurudisha uuzwe tena, na bibi yule yule anachangia shilingi 500 kwenye mayai ya mwenzake. Pili, kuna kutoa kwingine kwa maskini ambako tusikuite imani. Ni butura. Ada inadaiwa, mtoto anaumwa, unga umekwisha, na mkulima anauza kahawa yake ikiwa bado ua au tunda changa mtini, kwa bei ndogo sana kuliko itakayolipwa msimu ukifika. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Inaendelea gizani, kwa daftari na maneno ya mdomo, na walio na daftari hizo wengi wao ni watu wa ibada. Neno la kuachilia limekuwa likimwendea mwenye mti, ambaye hana kitu, na kumpita mwenye daftari.

Nehemia sura ya 5 inaeleza habari hiyo kana kwamba imeandikwa Nkwenda. Watu wa Yerusalemu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowakopesha ni Wayahudi wenzao. Nehemia anakiri kwamba hata yeye na watu wake wanakopesha, kisha anawataka wote warudishe mashamba na riba siku ile ile, na anawaapisha mbele ya makuhani. Mwenyewe, miaka 12 ya utawala wake, aliacha posho ya chakula iliyokuwa haki ya liwali kwa sababu mzigo juu ya watu ulikuwa mzito. Alianza na wakubwa, akawataja hadharani, akajiweka miongoni mwao. Kwetu jambo hilo linawezekana bila fedha ya mtu kupotea. Mwenye daftari amwendee mwenye mti kabla msimu haujafunguliwa, amwambie: kahawa ni yako, ipeleke kwenye chama cha msingi kwa jina lako, ukishalipwa nirudishie fedha niliyokupa, hiyo hiyo tu. Mabaraza ya wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya ndogondogo, Karagwe na Kyerwa, wanawajua wenye daftari hao mmoja mmoja. Baadhi yao wamo kwenye mabaraza hayo, na ingefaa waanze wao.